Barua ya wazi: Mtoto wa Dar es Salaam asipewe koleo peke yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam. Na Wakurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Yah: Tiba ya meno ya watoto katika vituo vya umma

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa heshima sisi tunaofanya kazi ya kinywa na meno katika mkoa huu: matabibu meno, madaktari wa meno na wauguzi wanaosaidia kwenye kiti. Hatuandiki kukishitaki kituo chochote wala mtu yeyote. Tunaandika kwa sababu lipo jambo ambalo sote tunaoshika kioo na taa tunalijua, na ambalo lina ufumbuzi wa gharama ndogo. Mzazi wa kipato cha chini akimleta mtoto mwenye gego lililotoboka, huduma anayoweza kuimudu na kuipata siku hiyohiyo ni kung'olewa. Kuziba, tiba ambayo jino lile lilikuwa likiihitaji, ama hakuna vifaa, ama kuna bei asiyoiweza, ama kuna rufaa ya kwenda mjini.

Sababu yake si uvivu wa watumishi. Koleo hununuliwa mara moja, likatakaswa na kutumika miaka kumi. Anayeng'oa hutumia ganzi, sindano, pamba na glovu, vitu ambavyo kituo kinavyo hata bila kitengo cha meno. Anayeziba anahitaji dawa ya kuzibia, nayo huisha. Ikiisha, mtumishi hubaki na koleo. Hivyo bajeti ndiyo inayochagua tiba, na mtaalamu hufuata.

Twende kwenye jino lenyewe, maana kauli ya "hayo ni ya utoto, yataanguka tu" imeponza watoto wengi, na tumeisikia hata kwa watu waliotakiwa kupitisha fedha. Mtoto huota meno ya utoto 20. La kwanza hutokeza akiwa na miezi kama sita, na akifikisha miaka miwili na nusu hadi mitatu yote yamekamilika. Ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka sita au saba, kwa hiyo kwa meno ya mbele kauli hiyo ina ukweli. Kwa magego ni kosa kubwa. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10, 11, wakati mwingine 12. Gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka minne bado lina miaka sita au zaidi ya kutafuna, na likifika kwenye kiini halitangoja umri wake wa kung'oka.

Isitoshe, gego la pili la utoto ndilo linaloshika nafasi. Nyuma yake, mtoto akiwa na miaka sita hivi, huota gego la kwanza la ukubwani. Huota kimyakimya bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi huliona na kudhani ni la utoto. Ukimng'oa mtoto wa miaka mitano gego lile la pili, gego jipya linapoota huja mbele na kulala kwenye uwazi uliobaki, na jino lililokuwa lije pale baadaye hukosa pa kupita. Matokeo yake ni meno yaliyobanana na kupandana, na waya za kunyooshea meno ni anasa kwa familia tunazozungumzia hapa. Kila gego la utoto linalong'olewa mapema kwa kukosa dawa ya kuzibia ni deni linalohamishiwa kwa mtoto yuleyule.

Sasa tazameni njia anayopita mzazi kabla hajafika kwetu. Maumivu huanza usiku. Kinachotangulia ni karafuu na maji ya chumvi, asubuhi duka la dawa la mtaani. Pale hupewa parasetamo, na mara nyingi amoksilini ya siku mbili au tatu kadiri ya hela aliyonayo mkononi. Maumivu hutulia, mtoto anarudi shule, jambo linasahaulika, na baada ya wiki chache yanarudi na uvimbe. Antibayotiki kama hiyo amoksilini hufika kwenye ugonjwa kwa njia ya damu. Jino ambalo kiini chake kimekufa halina damu inayoingia ndani, kwa hiyo dawa hupoza usaha ulio nje ya mzizi huku shina la ugonjwa likibaki palepale. Familia imelipia dawa mara mbili au tatu, imejenga usugu wa vijidudu, na jino halijaguswa.

Uvimbe ukianza kushuka chini ya taya au chini ya ulimi, mtoto akashindwa kufungua mdomo au kumeza mate, au jicho likaanza kufunga, hapo si suala la jino tena. Ni dharura ya kulazwa na kuchomwa dawa ya mshipa. Kitanda kimoja cha mtoto wa namna hiyo kwa siku tano hula fedha ambayo ingeziba meno ya darasa zima, tena yangezibwa miaka miwili kabla.

Mzazi anayekuja kituoni kutoka Chanika, Mbande, Bunju au Kibada huondoka nyumbani kiza hakijaondoka. Hufika mapokezi, huandikishwa, hupewa namba ya malipo, hulipia kumwona daktari, humwona mganga wa kawaida, naye humwandikia aende chumba cha meno. Chumba cha meno kinaweza kuwa na orodha iliyokwisha kujaa, au mtaalamu wake kapangiwa kazi nyingine siku hiyo. Akiambiwa arudi, hiyo ni nauli ya watu wawili mara mbili, siku mbili za mtoto kukosa masomo, na siku mbili za mama kukosa kuweka sufuria barabarani au kutofungua genge. Gharama ya jino kwa familia hizi huanza kuhesabika mapema sana, kabla ya dirisha la malipo. Ndiyo sababu mzazi akishafika kwenye kiti huomba mwenyewe: "Ling'oe tu, daktari, nisirudi." Tusiseme amekataa kuziba. Amekataa nauli.

Kwa mujibu wa sera, mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Ni sera njema na tunaitetea. Lakini ugonjwa wa meno una kalenda yake. Magego ya utoto hutoboka zaidi kati ya miaka mitatu na mitano, na huanza kuuma kwa nguvu kati ya miaka mitano na minane. Msamaha huisha maumivu yanapoanza. Katika miaka ile ambayo tiba ni bure hakuna anayemchungulia mtoto mdomoni, na siku mzazi anapomleta akilia, mtoto ana miaka sita na dirisha la malipo linamsubiri.

Kuna njia mbili za kuliziba pengo hili, na tunaomba zote mbili. Ya kwanza ni kusogeza msamaha, kwa huduma za kuzuia na kuziba pekee kama fedha haitoshi kwa zote, mpaka mtoto amalize darasa la saba. Mpaka muda huo magego ya utoto yamekwisha kutoka na yale ya miaka sita yamekomaa. Kung'oa kukiwa bei ndogo na kuziba kukiwa bei kubwa, tunamlipa mzazi ili achague vibaya. Kwa mtoto inatakiwa iwe kinyume.

Ya pili ni kuutumia mlango ambao tayari mtoto anaupita. Karibu kila mtoto wa mkoa huu hupelekwa kliniki ya mama na mtoto kwa chanjo na kupimwa uzito. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi tisa, na tena akiwa na miezi 18. Akiwa na miezi 18 meno yake ya mbele yameshatoka na gego la kwanza mara nyingi limetokeza. Muuguzi anayemshika kwa ajili ya sindano anaweza, kwa sekunde kumi, kumnyanyua mdomo wa juu kwa kidole na kutazama pale jino linapokutana na fizi. Mstari mweupe mfano wa chaki, usio na mng'ao, ndiyo hatua ya kwanza ya kuoza. Hapo bado hakuna tundu, na jino linaweza kurudi katika hali yake kwa dawa ya mswaki yenye floraidi, madini yanayoimarisha jino, na kwa kuacha chupa ya uji au maziwa yenye sukari inayolala na mtoto mdomoni. Mstari ukiwa wa njano au kahawia na ukikwaruza, mtoto apewe karatasi ya chumba cha meno siku hiyohiyo. Hili halihitaji jengo wala ajira mpya. Linahitaji mafunzo ya nusu siku, na mstari mmoja wa kujaza kwenye kadi ya mtoto.

Muuguzi yuleyule ndiye anayeweza kumwambia mama kuhusu yale yanayoitwa "meno ya plastiki". Bado wapo, hapahapa Dar es Salaam, wanaowakwangua watoto wachanga fizi kwa kisu au spoku ya baiskeli kwa kuamini kwamba uvimbe mweupe kwenye fizi ndio unaoleta homa na kuhara. Kinachochimbuliwa pale ni chipukizi la chonge la mtoto. Chonge la ukubwani lililo chini yake huota limepinda, au halioti kabisa. Mtoto yule anatakiwa maji ya chumvichumvi ya kutibu kuhara (ORS) na zinki. Kisu hakina kazi pale.

Tufike sasa kwenye dawa za kuzibia, kwa kuwa hapa ndipo maneno mazuri ya mipango yanapokwamia.

Wengi wenu huenda hamjui kwamba njia ya kuziba meno bila mashine ya kutoboa ilianzia kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati ule Muhimbili ikiwa sehemu ya chuo hicho, walianza kuijaribu kwa watu wa maeneo yasiyo na umeme. Baadaye ikafanyiwa utafiti Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Leo inafundishwa Brazili na Uholanzi. Inatuuma kuona mtoto wa Gongo la Mboto anaikosa tiba iliyobuniwa kilomita chache kutoka kwao.

Inafanyika hivi. Mtoto hulala chali, hata kwenye meza ya darasa yenye mkeka, mtaalamu akikaa upande wa kichwa. Pamba za mviringo huwekwa pembeni mwa jino kuzuia mate. Tundu likiwa dogo hupanuliwa mdomo wake kwa kishoka kidogo cha mkono, kisha uozo laini hukwanguliwa kwa kijiko cha chuma, kikubwa au kidogo kulingana na tundu. Kingo husafishwa kwanza mpaka ziwe ngumu, kwa kuwa dawa hushikia kwenye kingo. Chini karibu na kiini mtu hukwangua kwa tahadhari na kuacha pale penye ugumu wa ngozi. Tundu husuguliwa kwa kimiminika cha kuandalia sekunde 10 hadi 15, huoshwa kwa pamba yenye maji, hukaushwa kwa pamba kavu. Kisha huchanganywa dawa ya kuzibia iitwayo glasi ayonoma: kijiko kimoja cha unga kilichosawazishwa, tone moja la maji yake. Chupa ya maji hulazwa kwanza ili hewa ipande, ndipo husimamishwa kichwa chini. Tone lenye povu ndani ni nusu tone, na mchanganyiko wake utakuwa mkavu. Hukorogwa ndani ya sekunde 20 hadi 30 na kuingizwa ungali unang'aa. Mng'ao ukiisha, dawa hiyo haishiki tena jino, itupwe. Kidole chenye glovu iliyopakwa vaselini hukandamiza kwa nguvu juu ya jino, ziada hutoka pembeni na hukwanguliwa. Mtoto asile kwa saa moja. Mara nyingi hakuna ganzi, hakuna kelele ya mashine, na mtoto aliyeingia akiwa amejikunyata hushuka mwenyewe.

Ikishindwa, sababu zake tunazijua: mate yaliingia, kingo ziliachwa na uozo, au mchanganyiko ulikuwa mkavu. Joto la Dar es Salaam lina mchango wake pia. Dawa iliyokaa kwenye stoo ya bati hukauka mikononi kabla hujamaliza kukoroga, na unga ulioachwa bila kifuniko hunywa unyevu wa pwani. Ihifadhiwe kwenye chumba chenye kivuli kizuri, na kuziba kufanyike asubuhi. Tundu la upande mmoja hudumu vizuri. Tundu linaloshika pande mbili za gego la utoto hudumu kidogo zaidi ya nusu-nusu, na kwa hayo zipo kofia za chuma zinazovalishwa juu ya gego bila kutoboa wala ganzi. Hizo ni nadra mno kwenye vituo vyetu, nazo tunaziombea nafasi.

Kuhusu amalgamu, ile ya rangi ya fedha: kituo kisiihesabu kama akiba ya watoto. Ina zebaki. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana mwaka 2022 kwamba isitumike kwa meno ya utoto, kwa walio chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtaalamu aone hakuna namna. Maana yake kituo kisicho na glasi ayonoma hakina dawa ya kuzibia mtoto, hata kama rafu imejaa.

Basi fanyeni hesabu pamoja nasi. Chupa ya kawaida ya unga ina gramu 15. Kijiko kimoja kina kama theluthi moja ya gramu na zaidi kidogo, kwa hiyo chupa hutoa vijiko 40 hivi. Tundu dogo hula kijiko kimoja, kubwa hula viwili. Tabibu meno mmoja anayeziba meno 12 kwa asubuhi humaliza chupa ndani ya siku mbili au tatu. Kituo kinachoagiza chupa mbili kwa robo mwaka kimeagiza kazi ya wiki moja, na wiki 12 zilizobaki kimeagiza kung'oa. Tena huagizwa kidogo kwa sababu robo iliyopita zilitumika kidogo, na zilitumika kidogo kwa sababu zilikuwa chache. Mzunguko huu hauvunjiki wenyewe. Maoteo ya mahitaji yaanzie kwenye idadi ya watoto wanaohudumiwa na kituo, yasianzie kwenye matumizi ya mwaka wa ukame. Na Bohari ya Dawa ikikosa, kituo kiruhusiwe haraka kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa, kwa fedha zake, bila barua kuzunguka ofisi wiki tatu.

Ipo dawa nyingine ya kuwashika mkono wale ambao hata kuziba hakuwezekani leo: matone ya madini ya fedha na floraidi, ya asilimia 38. Tone moja linatosha meno matano. Jino hukaushwa kwa pamba, midomo na fizi hupakwa vaselini, dawa hupakwa ndani ya tundu kwa brashi ndogo na kuachwa dakika moja. Uozo husimama na kuwa mgumu. Hurudiwa baada ya miezi sita. Ina kasoro moja ambayo mzazi lazima aonyeshwe kwa picha kabla ya kukubali: tundu hugeuka jeusi na hubaki hivyo. Kwenye magego wazazi wengi hukubali. Kwenye meno ya mbele, hasa ya binti, wengine hukataa, na wana haki yao. Haifai jino linaloamsha mtoto usiku au lenye usaha, wala mtoto mwenye mzio wa fedha au vidonda vya fizi. Ikidondoka kwenye ngozi huacha doa kwa wiki moja au mbili, na kwenye shati la shule doa halitoki. Dawa hii, glasi ayonoma na dawa ya mswaki yenye floraidi ziliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tunaomba zote tatu zihesabiwe kama dawa katika vituo vyetu, na zifuatiliwe kila mwezi kama inavyofuatiliwa dawa mseto ya malaria.

Juu ya viti na mashine tutasema kwa kifupi, ingawa ndivyo vinavyopigwa picha siku ya uzinduzi. Kiti kipya huharibika mapema kwa mambo matatu. Maji ya kisima yenye chumvi huziba mirija yake. Kiwekewe chupa ya maji safi na kisiungwe kwenye tangi la kituo. Kompresa, mashine ya kusukuma hewa, isiyofunguliwa koki ya chini kila jioni hujaa maji, na maji hayo huua drili. Na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huunguza kadi ya elektroniki iliyo ndani yake. Kilinda umeme ni sehemu ya kiti, kinunuliwe pamoja nacho. Mkataba wa matengenezo uandikwe siku ya kununua. Lakini kiti kikiharibika, kung'oa na kuziba kwa vifaa vya mkono viendelee. Chumba kisifungwe kwa kusubiri fundi.

Watumishi. Tabibu meno aliyesomea kazi hii, anayejua kuziba, asitumwe dirisha la dawa au zamu ya mapokezi kwa sababu chumba chake hakina vifaa. Apewe vifaa. Na zahanati ambazo hazina mtaalamu zipate siku yake: tabibu mmoja wa kituo cha afya, mkoba mmoja wa vifaa vya mkono seti kumi zilizotakaswa, siku moja kwa wiki kwa zahanati, ratiba imebandikwa ukutani na kutangazwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzazi akijua kwamba Jumatano ni siku ya meno pale karibu na kwake, nusu ya mzigo wa nauli imeondoka. Vituo vikubwa navyo vifungue chumba cha watoto Jumamosi, maana mwezi Juni na Desemba, shule zikifungwa, foleni huwa haisogei.

Shuleni kuna kazi ambayo haihitaji hata tabibu. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita anatosheka na dawa ya mswaki kiasi cha punje ya njegere, yapata robo ya gramu. Wa chini ya hapo, punje ya mchele. Darasa la awali lenye watoto 60 hutumia gramu 15 kwa siku. Kwa siku kama 190 za masomo ni chini kidogo ya gramu 2,900, sawa na mirija 29 ya gramu 100 kwa darasa kwa mwaka mzima. Watoto hupiga mswaki wakiwa wamekaa, hutema povu, hawasukutui, kwa hiyo hata shule yenye shida ya maji inaweza. Miswaki ibadilishwe kila muhula na isimamishwe ikiwa imeachana, isigusane. Mrija wa dawa unaonunuliwa uwe umeandikwa floraidi ppm 1,000 hadi 1,500 (sehemu kwa milioni). Sokoni zipo nyingi zisizo nayo kabisa. Wapo wazazi wanaoiogopa floraidi kwa kuwa wameona meno ya kahawia ya ndugu waliokulia Arusha au Manyara. Kule floraidi imezidi kwenye maji ya ardhini. Sisi wa pwani hatuna tatizo hilo, na kukosa floraidi ndiko kunakotuumiza. Na wakuu wa shule wasaidiwe kuweka utaratibu wa biashara za getini: mihogo, karanga na matunda yapewe nafasi mbele ya ubuyu wa sukari, pipi za kijiti na juisi za pakiti zinazolambwa kuanzia mapumziko mpaka kengele ya mwisho.

Kuhusu bima. Toto Afya Kadi ililipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto, na familia nyingi zilijibana zikaimudu. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa ukaelekezwa kupitia shule, kwa hoja kwamba wazazi walikuwa wakiwaandikisha watoto waliokwisha kuugua. Tunaielewa hoja hiyo kwa magonjwa mengine. Kwa meno, anayeandikishwa akiwa mzima na akapakwa floraidi mara mbili kwa mwaka ndiye anayepunguza gharama. Sasa kwa kuwa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, tunaomba kitita cha msingi cha mtoto kitaje waziwazi kuchunguzwa, kupakwa dawa, kuzibwa na kung'olewa, na malipo ya kuziba yawe juu ya yale ya kung'oa, ili kituo kisipate hasara kwa kumtendea mtoto haki. Kadi bila dawa ya kuzibia kwenye kabati haimsaidii mtoto kitu.

Bei nazo zibandikwe. Kila chumba cha meno cha umma kiwe na bango kwa Kiswahili, kwa shilingi, likionyesha ya kumwona mtaalamu, ya kuziba jino la utoto, ya kuziba jino la ukubwani, ya kung'oa na ya picha, na nani anasamehewa. Mzazi asiyejua bei hukaa nyumbani mpaka uvimbe uje.

Mkoa huu ulihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na sehemu kubwa yao ni watoto. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mipango ya afya ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Tunaomba kila Daktari wa Meno wa Halmashauri akae mezani wakati mpango huo unaandikwa, akiwa na maoteo ya kila kituo mkononi, na sisi tuko tayari kuyakokotoa pamoja naye, chupa kwa chupa. Pa kuanzia papo tayari. Chukueni rejesta za meno za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) za mwaka uliopita, kituo kwa kituo, mtenganishe watoto wa chini ya miaka 13, kisha muandike namba mbili kando kwa kando: waliong'olewa na waliozibwa. Tunaomba namba hizo mbili zisomwe katika kikao cha kila robo mwaka, na kituo ambacho ya pili ni sifuri kiulizwe kwanza chupa ya mwisho ya dawa ya kuzibia iliisha tarehe ngapi.

Ni sisi watumishi wenu,

Matabibu meno, madaktari wa meno na wauguzi wa vyumba vya meno,
Dar es Salaam